Kauri kwa Mkono wa Baba

Kwa Kiswahili neno kauri lina kazi mbili. Ni kombe dogo la baharini, jeupe na laini, ambalo zamani lilikuwa fedha katika sehemu nyingi za Afrika. Pia ni vyombo vya udongo uliochomwa ukang'aa: vikombe, sahani, bakuli za wageni zinazokaa kabatini mwaka mzima. Wengine, kwa maana hii ya pili, husema kaure. Sifa za vyombo hivyo anazijua kila mtoto aliyewahi kutumwa kuviosha: havishiki kutu, rangi yake haichujuki, na kikianguka kimekwisha.

Siku hizi kuna kauri ya tatu, ya saa za mkono. Wauzaji huitaja kama watu wa zamani walivyotaja dhahabu, na wanunuzi wengi huilipia bila kujua wanalipia nini. Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko Kalemela, wilaya ya Busega, upande ule wa mkoa wa Simiyu unaogusa Ziwa Victoria. Kusema kweli simu na redio ndizo zinazonilisha; saa ndizo ninazozipenda. Kazi nyingi za saa ni kubadilisha betri, kutia pini ya mkanda, kuweka kioo kipya, kukausha mashine iliyoingia maji. Saa iliyotengenezwa kwa kauri kweli, bodi na mkanda, imefika mezani kwangu mara mbili tu. Zile zinazoitwa kauri na ni plastiki au bati lililopakwa rangi nyeusi, sizihesabu tena.

Mwaka huu kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Muskat mwaka wa tisa sasa, aliamua kumnunulia Baba saa nzuri. Si ya mnadani. Saa ambayo kwa bei zetu ingenunua ng'ombe wanne au watano. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa familia: chuma au kauri? Alitaka jibu la neno moja. Mimi nimekaa nalo wiki tatu, kwa sababu jibu la neno moja linamfaa mtu anayenunua saa ya kabatini. Hii itavaliwa na mtu ninayemjua.

Baba alikuwa mvuvi katika Ghuba ya Speke kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alivaa saa moja, ya otomatiki, ya Kijapani, bodi ya chuma cha pua. Mkanda wake wa kwanza ulipokatika alinunua mwingine wa bei rahisi sokoni, wa chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Rangi ilipoliwa na jasho, mkono ukaanza kuwasha. Kwanza wekundu, halafu vipele, halafu ngozi ikawa ngumu na nyeusi kama gome. Tukaondoa mkanda ule, tukaweka wa ngozi, lakini ngozi yake ilikuwa imeshajifunza kuchukia. Hata bizimu ya mkanda, hata mgongo wa saa yenyewe, vilimwasha. Tangu hapo saa inakaa kwenye msumari ukutani, na Baba, ambaye sasa ana dawa za presha za kumeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, huuliza wajukuu saa ngapi. Wajukuu humjibu wanavyopenda.

Kinachowasha watu wa namna hiyo mara nyingi ni nikeli. Nikeli humo ndani ya vyuma vingi, na pia ndiyo hupakwa juu ya saa na mikanda rahisi ili ing'ae. Chuma cha pua kizuri cha saa kina nikeli kati ya asilimia 10 na 14, lakini kinaishika. Kidogo sana hutoka kwenda kwenye ngozi. Ile ya kupakwa ndiyo hutoka kwa wingi jasho likiilamba. Ulaya walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kutunga agizo mwaka 1994 la kuweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye kitu kinachogusa ngozi kwa muda mrefu. Sokoni kwetu hakuna anayepima. Mtu hupima kwa mkono wake mwenyewe, na mkono ukishachukia nikeli kwa kawaida hausamehi tena maisha yote.

Kauri ya saa haina nikeli, na hiyo ndiyo hoja yake ya kwanza nyumbani kwetu.

Ni kitu gani hasa? Si udongo wa mfinyanzi. Ni unga mweupe wa oksidi ya zirkoni, uliochanganywa na kiasi kidogo cha oksidi ya itri ili uwe imara. Chanzo chake ni madini yanayopatikana kwenye mchanga mzito wa pwani. Australia na Afrika Kusini ndiko yanakotoka kwa wingi, lakini hata pwani ya Afrika Mashariki yapo: kampuni ya Base Titanium iliyachimba Kwale, Kenya, pamoja na madini ya titani, kuanzia mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024, yakapakiwa melini Likoni. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kwenye vigae vya sakafu na vyombo vya chooni. Sehemu ndogo sana hufika kwenye saa.

Lakini njia ya kuutengeneza ni ile ile aliyoijua bibi yangu mzaa mama, aliyefinyanga vyungu na mitungi mpaka macho yalipomwishia. Unga huchanganywa na kitu cha kuushikamanisha, husukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu, hutoka ukiwa laini na dhaifu kama chungu kisichochomwa, kisha huingia tanurini. Bibi alichomea nje, kwa nyasi, kuni na samadi kavu ya ng'ombe. Tanuri la kiwanda hufika nyuzi 1,450 hivi. Chungu cha Bibi kilipungua kidogo kikikauka na kuchomwa. Bodi ya saa hupungua karibu robo ya kipimo chake, kwa hiyo aliyechora kalibu lazima alijue hilo tangu mwanzo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa kauri ya saa hii si methali ya kulea watoto tu. Ni sheria ya kiwanda. Ikishatoka tanurini haikatiki kwa kitu chochote isipokuwa almasi. Tundu la pini lililokosewa nusu milimita limekosewa milele.

Sasa niseme uzuri wake, kwa haki.

Kwanza ni ugumu wa uso. Kipimo cha zamani cha ugumu wa madini kinatoka 1 hadi 10, almasi ikiwa 10. Mchanga wa ufukweni, kama mchanga mwingi duniani, umejaa punje za kwatzi, ambazo ziko kwenye 7. Chuma cha saa kiko kati ya 5 na 6. Kauri ya zirkoni inazidi 8. Maana yake ni hii: kila mara mvuvi anapofuta mchanga kwenye saa ya chuma, mchanga ndio unaofuta saa. Kwenye kauri mchanga unapita tu. Moja ya zile saa mbili zilizofika kwangu ilikuwa na mistari ya kijivu ubavuni na mwenyewe alilia kwamba amedanganywa. Nilichukua ufutio wa mwanafunzi nikasugua, mistari ikatoka. Haikuwa michubuko ya kauri. Ilikuwa chuma cha funguo zake kilichosagika juu ya kauri.

Pili, rangi. Nyeusi ya kauri si rangi ya kupakwa. Imechanganywa ndani tangu ikiwa unga. Ukiweza kuikata katikati, ndani nako ni nyeusi. Saa za chuma zilizopakwa nyeusi huanza kuonyesha chuma kwenye kingo, pale mkono wa shati unapopita kila siku.

Tatu, uzito na joto. Ujazo ule ule wa kauri una uzito wa robo tatu hivi ya chuma. Na kwa kuwa haipitishi joto upesi, asubuhi ya baridi haikushtui, na jua la mchana halikupi chuma cha moto kwenye ngozi.

Nne, haishiki kutu wala kuliwa na jasho, chumvi au sabuni. Kauri ya aina hii madaktari wa meno huifanya meno bandia. Kitu kinachoweza kukaa mdomoni mwa mtu miaka mingi kinaweza kukaa mkononi mwake.

Ukisoma mpaka hapo utasema basi, kaka anunue. Na wauzaji husimama papo hapo. Waswisi waliojaribu mapema, Rado na IWC, walitoa saa zao za kauri mwaka 1986. Chanel wakaileta kwenye mitindo mwaka 2000. Rolex wakaiweka kwenye pete inayozunguka kioo mwaka 2005. Tangu hapo kauri imekuwa neno la heshima, na neno la heshima hubandikwa popote. Ndiyo maana jambo la kwanza nililomwandikia kaka halikuwa ndiyo wala hapana. Nilimwambia: igeuze. Saa nyingi zinazouzwa kwa jina la kauri zina pete ya kauri mbele tu, na nyuma, panapogusa ngozi, ni chuma. Nyingine bodi yote ni kauri lakini mgongo ni chuma, na bizimu ni chuma. Mkono wa Baba haujali mbele kuna nini. Saa inawashia mgongoni.

Sasa ubaya wake.

Chuma kikigongwa hupinda. Kauri ikigongwa ama hakuna kinachotokea, ama inapasuka. Hakuna katikati. Wanasayansi wamepambana sana na hili. Mwaka 1975 watafiti watatu wa Australia, Garvie, Hannink na Pascoe, walieleza katika jarida la Nature jinsi zirkonia iliyoandaliwa vizuri inavyoweza kujitetea: ufa unapoanza, chembe zilizo kwenye ncha ya ufa hubadili umbo, huvimba kidogo, na kuubana ufa usiendelee. Bila ugunduzi huo hakuna ambaye angethubutu kufanya saa ya kitu hiki. Lakini kujitetea huko kuna kikomo. Hata ikiwa nzuri kabisa, kauri huvumilia ufa kwa kiwango kidogo mno ukilinganisha na chuma.

Tena nguvu hiyo inategemea tanuri, kitu ambacho mnunuzi hawezi kukiona. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia vilivyotoka kiwanda kimoja cha Ufaransa viliondolewa sokoni baada ya baadhi yake kuvunjika ndani ya miili ya watu. Unga ulikuwa wa aina ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuchoma: kiwanda kilikuwa kimehamia tanuri la aina nyingine. Bibi asingeshangaa. Yeye alikuwa akigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na kilicholia vibaya hakukiuza hata kama machoni kilikuwa kizuri kuliko vyote. Saa huwezi kuigonga dukani ukaisikiliza. Unanunua jina la mchomaji, na hapo ndipo ile ya bei chee inapotia shaka: yaweza kuwa kauri kweli, na ikawa imechomwa vibaya.

Ubaya mwingine unanihusu mimi. Saa ya chuma ni rafiki wa fundi. Ikichubuka naipiga msasa laini kisha polishi. Ikipinda naweza kuinyoosha. Tundu la pini likipanuka kuna njia. Hata ikipasuka, mjini kuna mtu wa kuchomelea. Kauri haichomelewi, haipindwi, haipigwi msasa kwa vifaa vyangu. Kuunga kwa gundi ni kujidanganya. Saa ya pili ya kauri niliyoletewa ilikuwa na kipande kimoja cha mkanda kimekatika, kipande kidogo kama punje ya karanga. Kwa mkanda wa chuma ningechukua kipande kwenye boksi langu la mabaki na mteja angeondoka baada ya dakika ishirini. Nilimrudishia saa yake na jina la aina ya kipande cha kuagiza kutoka ng'ambo. Hata kutoa pini kwenye mkanda wa namna hiyo ni kazi ya kushika pumzi, maana nyundo ndogo tunayoizoea inaweza kumega ukingo, na ulichokimega hukirudishi.

Baada ya kuorodhesha hayo yote niligundua kwamba mema na mabaya ya kauri ni kitu kimoja kinachoonekana kutoka pande mbili. Kitu kigumu kiasi hicho hakikubali kuchubuliwa kwa sababu hakikubali kubadilika, na kitu kisichokubali kubadilika hakina njia ya kupokea kishindo. Kinashinda kusuguliwa, kinashindwa kugongwa.

Watengeneza saa walilijua hili zamani kuliko saa za kauri. Ile saa ya Baba iliyo msumarini imeandikwa usoni kwamba ina vito 17. Watu huniuliza kama nikivitoa vitauzwa. Haviuziki, ni rubi za kutengenezwa kiwandani, ndogo kama chembe za ulezi, zenye tundu katikati, na ekseli za magurudumu huzungukia humo. Ufundi huo ulipewa hataza London mwaka 1704, wakati huo kwa rubi za asili. Rubi ni oksidi ya alumini, ndugu wa kauri: ngumu, haipindi, haili wala hailiwi upesi. Ndani ya saa kuna msuguano mchana na usiku, na rubi hustahimili miongo. Lakini angalia walivyoiweka. Rubi zile zinazobeba ekseli ya gurudumu la mizani, ambalo ndilo moyo wa saa, saa ikianguka ndizo zingepigwa kwanza. Kwa hiyo katika saa nyingi za karne iliyopita hadi leo zimekalishwa juu ya springi ndogo, ili kishindo kipokewe na chuma kinachopinda kabla ya kufika kwenye jiwe. Kitu kigumu kiliwekwa pa kusugua, na pa kugonga pakapewa kitu cha kupinda.

Hapo swali la kaka likabadilika. Halikuwa tena chuma au kauri. Likawa: maisha ya Baba yanasugua au yanagonga?

Niliichukua ile saa kutoka ukutani nikaiweka chini ya lensi. Mikwaruzo ni mingi, ya kamba za nyavu na mchanga. Hiyo kauri isingekuwa nayo. Lakini moja ya zile pembe nne zinazoshika mkanda imepinda kuelekea ndani, na Baba anakumbuka siku hiyo: usiku wa upepo, mitumbwi miwili ilipogongana mkono wake ukiwa katikati. Mkono ulivimba, pembe ikapinda, saa ikaendelea. Ingekuwa kauri, asubuhi ile angerudi nyumbani na mashine mfukoni na vigae ziwani. Kwa mvuvi, sina shaka, chuma ndilo jibu. Na kwa mvuvi ambaye ngozi yake inakataa nikeli, jibu ni titani: nyepesi kuliko vyote viwili, haiwashi, hupinda kabla ya kuvunjika, ingawa huchubuka upesi na rangi yake ya kijivu haivutii macho. Kijana wa dagaa akija mezani kwangu na fedha mkononi, hilo ndilo nitakalomwambia, na sitamwambia neno juu ya kauri.

Nilikuwa tayari kumwandikia kaka hivyo: titani. Lakini Baba hakuwa ameulizwa, na kwetu mtu mzima hachaguliwi kitu cha kuvaa kama mtoto wa sikukuu. Nikaenda jioni, nikamweleza zote tatu kama nilivyoeleza hapa, ila kwa Kisukuma na kwa kirefu zaidi. Alisikiliza akiwa anakata kucha.

"Hiyo ya kijivu itachubuka?" akauliza.

"Itachubuka, Baba. Lakini haitavunjika."

"Na hiyo nyeusi?"

"Haitachubuka. Siku ikivunjika, imevunjika. Mimi sitaweza kuifanya kitu."

Akanyamaza kidogo. "Nimevaa vilivyochakaa maisha yangu yote," akasema. "Hiki kimoja na kikae kipya."

Nikamwambia anaweza kuigonga. Akaninyooshea mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, kama mtu anayekaguliwa. "Nyavu nimeuza, mtumbwi nimeuza. Nitaigonga wapi?"

Nilimwonyesha. Saa nyingi za watu wazima hazivunjikii kazini, huvunjikia wakati wa kuvuliwa: kwenye ukingo wa dirisha, kwenye saruji ya bafuni, mezani kando ya kikombe. Baba mwenyewe alikuwa akivua saa yake mara kumi kwa siku kwa sababu ya kuwashwa. Hapo nikaona jambo ambalo kwenye orodha yangu lilikuwa sehemu mbili mbalimbali. Saa isiyomwasha mtu haivuliwi ovyo, na isiyovuliwa ovyo ina nafasi chache za kuanguka. Kwa mkono huu mmoja, sifa njema ya kauri inapunguza hatari ya sifa yake mbaya. Haiiondoi. Sakafu ya Baba ni saruji, na yuko katika umri ambao mtu naye anaweza kuanguka na saa yake. Lakini inapunguza, na yeye ndiye atakayeivaa.

Basi nikamwandikia kaka, na sikuandika neno moja. Bodi iwe kauri nzima, si pete tu. Mgongo uwe titani, bizimu iwe titani. Muuzaji akisema ni chuma lakini ni kizuri, aache. Mkanda usiwe wa kauri, uwe wa raba au wa ngozi, kwa sababu ukikatika nitapata mwingine Lamadi kwa siku moja, na kwa sababu vipande vya kauri vikiwa vichache, vya kupasuka navyo ni vichache. Mashine iwe ya aina ya kawaida ninayoweza kuifungua. Mishale na namba viwe vinavyowaka gizani, kwa ajili ya dawa ya usiku. Inunuliwe kwenye duka lenye risiti na jina la kutafutwa, kwa sababu ya tanuri. Nikamalizia kwamba kwa uso wa saa mwili wa kauri ni wa kudumu kuliko sisi sote, lakini pigo moja la pembeni linaweza kuumaliza, kwa hiyo asiikabidhi kwa mtu asiyemjua aitie kwenye begi.

Alijibu siku ya pili. Alisema orodha yangu ni ndefu kama ya mahari, lakini ataitafuta. Na kwamba kama ni kitu cha kupasuka namna hiyo, ataileta mwenyewe Desemba.

Sikumwambia kwamba saa hizo hutoka Uswisi ndani ya masanduku, hushushwa na wapagazi wasiojua kilichomo, na hufika Muskat nzima. Baba hajamwona kwa macho tangu aondoke.

Ile ya zamani nilijitolea kuisafisha na kuipiga polishi ili ikae vizuri hata kama haivaliwi. Baba alikataa polishi. Nimeisafisha mashine tu, nikatia mafuta, inatembea. Pembe nimeiacha ilivyopinda. Na jana nilimpima mkono kwa uzi, mara mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu mkono huvimba mchana wa joto: sentimita 17 asubuhi, 17 na nusu jioni. Nimemwandikia kaka achukue mkanda wa matundu mengi.